Wanafunzi na Wazee wa Songea: Jinsi Vita vya Maji Maji Vilivyoingia Darasani

Mtoto anayezaliwa katika mji wa Songea hukua katikati ya majina asiyoyachagua. Mji wake una jina la mtu. Uwanja wake wa mpira una jina la vita. Huyataja majina hayo kila siku, aendapo dukani au mpirani, bila kufikiri yametoka wapi, kama vile mtu anywavyo maji ya mto bila kuuliza chemchemi yake. Kisha hufika siku, naye yumo darasani, mwalimu akasema kwamba Songea alikuwa nduna wa Wangoni, akanyongwa na Wajerumani mwaka 1906. Hapo ndipo maswali huanza: alikuwa mtu gani, alikosa nini, na kwa nini mji uliojengwa na waliomwua ukaendelea kuitwa kwa jina lake?

Wahenga walisema kwamba asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Lakini katika Songea haikuwa rahisi siku zote kuuliza swali hilo, wala kulipatia jibu. Habari ya jinsi wanafunzi walivyopata kuliuliza, na wazee walivyopata kulijibu, ni sehemu ya historia ya elimu katika nchi hii, nayo yastahili kuelezwa kwa taratibu.

Kabla ya kuja kwa shule za madarasa, elimu ya mtoto wa Kingoni ilikuwa katika makao ya wakubwa wake. Huko alisikia habari za Zwangendaba, aliyewatoa watu wake kusini ya Afrika wakati wa misukosuko ya enzi ya Shaka, akawaongoza kuelekea kaskazini kwa miaka mingi. Alisikia kwamba siku walipovuka mto Zambezi jua lilifunikwa, mchana ukawa giza. Kwa msikilizaji asiyejua, maneno hayo yangeonekana kuwa ngano ya kuwatisha watoto. Lakini wataalamu wa nyota walipopiga hesabu zao walikuta kwamba jua lilipatwa katika sehemu zile tarehe 20 Novemba 1835. Basi masimulizi ya watu wasioandika yakawapa waandishi tarehe iliyo thabiti kuliko nyingi zilizoandikwa kwa wino. Mwanafunzi akilishika jambo hili moja tu, ameshika nusu ya kazi ya historia: kwamba neno la mzee halifai kudharauliwa, wala halifai kupokewa bila kupimwa.

Zwangendaba alifariki Ufipa karibu na mwaka 1848, na watu wake wakagawanyika. Baadhi yao walifika katika nchi ambayo leo ni Mkoa wa Ruvuma, wakasimamisha huko falme mbili, Njelu upande wa kusini na Mshope upande wa kaskazini. Waliwatiisha wenyeji waliowakuta, wakachukua mateka katika vita vya mbali, wakawafanya wake zao, askari wao na wakulima wao. Hapa pana swali jingine ambalo mwanafunzi mwenye macho hulikuta nyumbani kwake mwenyewe. Maneno kama nkosi na nduna ni ya asili ya kusini, tena ni maneno ya utawala na vita. Lakini lugha ambayo bibi yake humwitia uji ni lugha ya Kibantu ya nchi hii hii, yenye undugu na lugha za majirani. Jibu ni kwamba mtoto hujifunza kusema kwa mama yake, na mama wengi katika Ungoni walikuwa binti za watu walioshindwa. Kwa hiyo washindi waliihifadhi lugha yao katika vyeo, wakaipoteza jikoni.

Wajerumani walijenga boma lao mwaka 1897 katika eneo la Nduna Songea Mbano, na boma likachukua jina lake. Mwaka uliofuata wamisionari wa Shirika la Mtakatifu Benedikto, wakiongozwa na Padre Cassian Spiss, walianzisha misheni ya Peramiho, magharibi ya mji. Pamoja na misheni ilikuja shule, na pamoja na shule yalikuja mambo mawili yasiyopatana. Shule ilimpa mtoto kusoma na kuandika, na ufunguo huo haukuweza tena kunyang'anywa. Lakini shule hiyo hiyo ilimfundisha kwamba mengi ya yale aliyoyasikia nyumbani yalikuwa ya giza, hayafai kutajwa mbele ya mwalimu.

Vita vilianza mwezi wa Julai mwaka 1905 katika milima ya Umatumbi, mbali na Songea, ambako watu waliichoka kazi ya kulazimishwa katika mashamba ya pamba. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alikuwa amewapa watu maji, akawaahidi kwamba risasi za wageni hazitawadhuru. Yeye mwenyewe alinyongwa mapema mwezi wa Agosti, lakini habari ya maji ilikwisha kuenea. Mjumbe aliyeileta Ungoni ni Kinjala. Na miongoni mwa waliompokea alikuwa Mkomanile, mwanamke aliyetawala upande wa Kitanda. Chabruma wa Mshope akaingia vitani, na Mputa Gama wa Njelu pia. Mwezi wa Septemba misheni ya Peramiho ilichomwa moto. Spiss, ambaye wakati huo alikuwa askofu, alikuwa amekwisha kuuawa tarehe 14 Agosti pamoja na watawa wanne katika safari yake kupitia nchi ya Liwale.

Maji hayakuzuia risasi. Majeshi ya Wajerumani yalirudi na bunduki za rasharasha, na yalipoona kwamba wapiganaji wameingia misituni, yaligeukia chakula. Ghala zilichomwa, mashamba yakaharibiwa, na njaa ikamaliza kazi iliyoanzwa na bunduki. Wajerumani wenyewe walikadiria kwamba watu 75,000 walikufa katika vita hivyo. Gilbert Gwassa, mwanahistoria wa Tanzania, alifikiri kwamba waliokufa walikuwa kati ya 250,000 na 300,000. Chabruma alikimbilia Msumbiji, akauawa huko. Mputa Gama na wenziwe wengi walinyongwa Songea tarehe 27 Februari 1906, baadhi yao wakiwa wamebatizwa muda mfupi kabla ya kupelekwa penye kamba. Mkomanile alinyongwa pamoja nao, mwanamke peke yake kati ya wanaume. Inasimuliwa kwamba Nduna Songea alinyongwa baada ya wenzake, akazikwa peke yake, na kwamba kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani.

Baada ya hayo kilifuata kimya kirefu. Msomaji asidhani kwamba watu walisahau. Aliyemzika mtoto wake kwa njaa hasahau. Lakini kuna tofauti kati ya kukumbuka na kusema, na kuna tofauti kubwa zaidi kati ya kusema nyumbani na kusema shuleni. Utawala wa Kijerumani ulipoondoka, Waingereza waliushika usukani, na mtoto wa Songea aliyebahatika kukaa darasani alijifunza safari za Livingstone na Stanley na mfuatano wa magavana. Vita vya babu yake, vilipotajwa, viliitwa uasi. Nao waliopigana walionekana kuwa watu waliodanganywa na mganga. Mtoto huyo alikuwa na historia mbili: moja ya kuandikia mtihani, nyingine ya kusikia usiku, wala hapakuwa na mtu wa kumwonyesha kwamba hizo mbili zilihusu siku zile zile na kilima kile kile.

Si kwamba hapakuwa na waliofanya utafiti. P. H. Gulliver alichapisha historia ya Wangoni wa Songea mwaka 1955, na Padre Elzear Ebner wa Peramiho aliandika historia ndefu ya Wangoni iliyotoka kwanza mwaka 1959. Kazi hizo ni za thamani, na kila aliyefuata amezitumia. Lakini ziliandikwa kwa Kiingereza na watu waliotoka nje, na mtoto wa darasa la nne hakuwa msomaji wake.

Mabadiliko yalikuja pamoja na uhuru. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza kama chuo kidogo tarehe 25 Oktoba 1961, majuma machache kabla ya bendera kupandishwa, kikiwa na wanafunzi 14 wa sheria. Idara ya historia ilipoanzishwa chini ya Terence Ranger, walimu wake walikuta taabu moja ya wazi: walitakiwa kufundisha historia ya Afrika, nayo kwa sehemu kubwa ilikuwa haijaandikwa. Nyaraka za Wajerumani zilikuwapo, lakini zilieleza vita kutoka upande wa boma. Upande wa pili ulikuwa katika vichwa vya wazee, na wazee walikuwa wakifa.

Hesabu ni nyepesi, na uzito wake ndio uliowaharakisha. Kijana aliyekuwa na miaka 15 vita vilipoanza mwaka 1905 alikuwa na miaka 78 mwaka 1968. Aliyekuwa mtoto wa miaka kumi, mwenye kukumbuka njaa lakini si mabaraza ya vita, alikuwa na miaka 73. Kungoja miaka kumi zaidi kungekuwa sawa na kuchoma maktaba kwa mkono wa mtu mwenyewe. Ndipo Gilbert Gwassa na John Iliffe walipotoa kijitabu cha kumbukumbu za vita, na mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa Chuo wakapewa kazi ambayo hapo kabla wanafunzi hawakupewa: waende katika sehemu zilizopigana, wawatafute wazee, wawasikilize, waandike.

Kazi hii yafaa kutazamwa vizuri, maana iligeuza utaratibu wote wa shule. Kwa muda mrefu mwanafunzi alikwenda shule ili aondoke kwao. Kila darasa alilopanda lilimpeleka mbali zaidi: kutoka kijijini kwenda misheni, kutoka misheni kwenda shule ya bweni, kutoka bweni kwenda Dar es Salaam. Kijana wa Ungoni aliyefika Chuo Kikuu alikuwa amefika mwisho wa njia hiyo. Sasa akaambiwa arudi alikotoka, akae juu ya kigoda, awe mwanafunzi wa mtu ambaye pengine hakujua kuandika jina lake. Jambo hilo lilitaka unyenyekevu ambao haufundishwi kwa vitabu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Tena haikuwa kazi ya kukusanya ngano tu. Mzee aliulizwa mambo aliyoyaona, lakini pia alisimulia aliyoyasikia, na mara nyingine yote mawili yaliingiliana. Mwingine alitoka katika ukoo wa watawala, akakumbuka ufalme uliopotea; mwingine alitoka kwa watu waliotiishwa, na kwake yeye Mngoni na Mdachi walikuwa mabwana wawili waliopigania shamba moja. Huko ng'ambo ya mto Ruvuma wakati huo huo vita vingine vilikuwa vikiendelea: FRELIMO ilikuwa ikipigana na Wareno, na mwezi wa Julai 1968 ilifanya mkutano wake mkuu wa pili huko Matchedje, katika jimbo la Niassa. Neno ukombozi lilikuwa midomoni mwa kila mtu. Katika hali kama hiyo ilikuwa vigumu kwa muulizaji na mjibu pia kutoyasoma mambo ya 1905 kwa miwani ya 1968.

Kutoka katika kazi hiyo, O. B. Mapunda na G. P. Mpangara waliandika kitabu juu ya Vita vya Maji Maji katika Ungoni, kilichochapishwa mwaka 1969. Ni kitabu chembamba, lakini ndani yake wazee wa Songea walisema wenyewe. Wazo la zamani, kwamba Wangoni walipumbazwa na mganga, halikuweza tena kusimama. Walikuwa na sababu. Wakuu wao walikuwa wamepoteza madaraka, mateka na heshima. Kodi na kazi za kulazimishwa ziliwaudhi watu. Na kulikuwa na jeraha la kuchomwa moto kwa kibanda cha mahoka cha Mputa Gama, mahali pa kuwaombea wazee waliotangulia, kulikofanywa na mmisionari. Maji yaliwapa moyo na umoja, lakini hayakuwapa sababu; sababu walikuwa nazo.

Hata hivyo mambo hayakuishia hapo, wala hayakupasa kuishia hapo. Mwaka 1975 Patrick Redmond aliandika kuyapima upya yaliyokwisha kusemwa juu ya Maji Maji katika Ungoni. Alitilia mkazo kwamba vita hivyo vilikuwa hasa vya wakuu wa Kingoni waliotaka kurudishiwa enzi yao, na kwamba wengi wa watu waliotiishwa hawakuwa na hamu ya kuwapigania. Wako waliochukizwa na maneno hayo, kana kwamba yanapunguza ushujaa wa walionyongwa. Lakini akitazama sana mwanafunzi ataona kwamba hayapunguzi. Mtu aweza kuwa shujaa mbele ya kamba, hali alikuwa bwana mkali nyumbani kwake. Taifa changa lilihitaji vita vya watu wote, na kwa sehemu lilikuwa na haki, maana kabila nyingi ziliungana kuliko zilivyowahi kuungana kabla yake. Lakini historia ya Ungoni ni ya watu wenye tabaka na hofu na tamaa, kama ya watu wengine wote. Anayefundishwa sehemu ya kwanza tu amepewa wimbo. Anayefundishwa zote mbili amepewa elimu.

Leo mwanafunzi wa Songea hana haja ya kungoja Chuo Kikuu ili alione somo hili. Mwaka 1980 ilifunguliwa Makumbusho ya Maji Maji katika mtaa wa Mahenge, mahali palipo na makaburi ya walionyongwa, na sanamu za viongozi zikasimamishwa hapo. Kila mwaka tarehe 27 Februari watu hukusanyika kuwakumbuka. Madarasa huletwa na walimu wao, watoto wamevaa sare, madaftari mikononi. Wengine hupelekwa pia Chandamali, penye majabali ambayo husemwa kwamba Nduna Songea alijificha. Na wengine milima ya Matogoro, ambako mto Ruvuma huanza ukiwa kijito cha kurukwa na mtoto, kabla ya kuwa mpaka wa nchi mbili na kumwaga maji yake katika Bahari ya Hindi.

Faida ya matembezi kama haya si kwamba mtoto huona jiwe. Faida yake ni kwamba mahali humlazimisha kuuliza maswali ambayo kitabu humruhusu kuyapita. Katika kitabu, watu 67 ni tarakimu mbili. Penye kaburi la pamoja, mtoto husoma majina, na kati ya majina hayo hukuta Mbano, hukuta Gama, majina ambayo mwalimu huyaita kila asubuhi anapohesabu mahudhurio. Hapo hutambua kwamba historia haikutokea kwa watu wengine. Kisha atafika penye kaburi la Nduna Songea, lililo mbali na wenzake, na mmoja wao atauliza lile swali ambalo watoto huliuliza bila aibu na wakubwa hulizunguka: kichwa chake kiko wapi?

Swali hilo halikuulizwa bure. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika katika Makumbusho hayo, akakutana na wazao wa Songea Mbano, akakiri aibu ya yale yaliyotendwa, akaomba radhi kwa niaba ya nchi yake. Aliahidi pia kwamba Ujerumani itasaidia kulitafuta fuvu la nduna huyo, ijapokuwa hakuweza kuahidi kwamba litapatikana, maana mafuvu mengi yaliyochukuliwa katika makoloni yalihifadhiwa bila majina. Basi swali la mtoto wa shule na swali la wakuu wa nchi mbili likawa swali moja.

Wazee walioulizwa mwaka 1968 wote wamekwisha kuondoka. Hakuna tena mtu awezaye kusema, Nilikuwapo. Kilichobaki ni karatasi za wanafunzi wale, vitabu vilivyotokana nazo, kumbukumbu za misheni na za boma, na masimulizi yaliyopokezana kutoka kinywa hadi kinywa. Mwanafunzi wa leo akienda kwa bibi yake atasikia aliyoyasikia bibi, si aliyoyaona. Hii haimaanishi kwamba asiende. Yako mengi ambayo wale wa 1968 hawakuyafuata sana, kwa kuwa walikuwa na haraka ya kuwahi wapiganaji: wanawake walikula nini wakati wa njaa, mashamba yalipandwa tena kwa mbegu gani, mtoto yatima alichukuliwa na nani, na ni kwa nini nyumba fulani hadi leo hazitaji kabisa habari za mwaka ule. Mkomanile mwenyewe hujulikana zaidi kwa namna alivyokufa kuliko alivyotawala.

Wanafunzi wale walipoketi mbele ya wazee wao walikuwa na kalamu na muda mchache. Walipata walichopata kwa sababu waliuliza kabla mlango haujafungwa. Milango mingine imo wazi bado katika Songea na vijiji vyake: ya waliokumbuka mwisho wa utawala wa Kiingereza, ya waliowapokea wakimbizi kutoka ng'ambo ya Ruvuma, ya walimu wa kwanza baada ya uhuru. Hao wako hai, lakini nao wanazeeka. Darasa linalorudi shuleni kutoka penye makaburi ya Mahenge hupita karibu na nyumba zao, jioni, wakati ambapo mzee hutoa kiti chake nje akakaa kuota jua la mwisho.